Dar es Salaam hadi Lushoto kwa Pikipiki Ukiwa na Mwanagenzi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanamhusu mtu aliyezoea barabara kuu ambaye ndugu, mwenzi au rafiki yake amepata leseni karibuni na sasa anataka safari ya kweli, si ile ya kwenda sokoni na kurudi. Anayeambiwa zaidi humu ni mzoefu, kwa sababu mwanagenzi huharibikiwa mara nyingi kwa kumfuata mtu anayekwenda kwa uwezo wake mwenyewe.

Kwa nini Lushoto, na si Iringa au Arusha?

Kwa kupitia Bagamoyo na Msata, safari nzima ni takriban kilomita 355 za lami, na miji ya kulala na kujaza mafuta imepangana vizuri njiani. Barabara ya Iringa inapendeza kuliko hii, sibishi, lakini hubeba malori yaendayo Zambia na Kongo, hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50 ambamo wanyama huvuka wapendapo, na kabla ya Iringa inamngoja mgeni kwenye mlima Kitonga pamoja na malori hayohayo. Arusha ni mbali mno kwa mara ya kwanza.

Njia ya Lushoto ina sifa nyingine ambayo watu hawaitaji sana, nayo ni kwamba ugumu wake umewekwa mwishoni. Mlima wa kutoka Mombo unamkuta mwanagenzi akiwa amekwisha kuendesha kilomita zaidi ya mia tatu, mikono imeizoea pikipiki yenye mzigo na macho yamezoea kusoma barabara kwa mbali. Mlima huohuo ungekuwa kwenye kilomita ya ishirini, nisingemshauri mtu kuupanda na mgeni.

Mwanagenzi awe amefikia kiwango gani kabla ya kuondoka?

Idadi ya miezi aliyokaa na leseni haielezi mengi. Tafuteni uwanja wa shule au wa mpira siku ya Jumapili, mwone kama anaweza kugeuza pikipiki polepole bila kushusha miguu, kuondoka kwenye mwinuko bila kurudi nyuma, na kusimama ghafla kutoka mwendo wa kilomita 50 kwa saa kwa breki zote mbili bila tairi la nyuma kuserereka. Hili la mwisho ndilo muhimu kuliko yote, na ndilo wengi hawajawahi kulijaribu. Wapo waliojifunzia mtaani ambao wameambiwa tangu siku ya kwanza kwamba breki ya mbele huangusha, kwa hiyo hawaigusi kabisa, ilhali hiyo ndiyo yenye nguvu kubwa zaidi ya kusimamisha pikipiki. Huangusha ikibanwa kwa pupa, hasa usukani ukiwa umepinda au tairi likiwa juu ya mchanga. Ikibanwa kwa kuongeza nguvu taratibu, pikipiki ikiwa wima, husimamisha.

Baada ya hapo nendeni Bagamoyo na kurudi siku hiyohiyo, kilomita zipatazo 130, pikipiki zikiwa na mizigo ileile mtakayobeba safarini. Akirudi nyumbani anasimulia aliyoyaona njiani, yuko tayari. Akirudi kimya, mabega yamempanda hadi masikioni, mpeni mwezi mmoja zaidi.

Tutumie siku ngapi?

Mzoefu huimaliza safari hii kwa siku moja na akafika jua bado lipo. Mkiwa na mwanagenzi, tengeni siku sita, na msione haya.

Siku ya kwanza ishieni Bagamoyo, yaani kilomita 65 tu. Watu huniona nimechanganyikiwa ninapoyasema haya, maana wanaona siku imepotea bure. Ukweli ni kwamba sehemu inayochosha kuliko zote ni kutoka Mwenge hadi upite Bunju, kwenye foleni, daladala zinazosimama bila kutoa ishara na bodaboda wanaopenya kulia na kushoto. Mwanagenzi akimaliza sehemu hiyo akaunganisha na kilomita nyingine 200, atafika Segera akiwa na akili iliyobaki nusu. Akilala Bagamoyo, siku ya pili anaamka mji uko mgongoni, na barabara iliyo mbele yake hadi Msata ni pana na tulivu.

Siku ya pili ondokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mpite Msata, mvuke Mto Wami, mle chakula cha mchana Mkata, kisha mpite Kabuku na Segera na kulala Korogwe. Hizo ni kama kilomita 215. Siku ya tatu zimebaki kilomita 75 tu hadi Lushoto, nazo huendwa asubuhi, wakati mwili umepumzika na ukungu umeanza kuondoka mlimani. Siku ya nne hakuna pikipiki: tembeeni kwa miguu hadi Irente mkaangalie nyika iliyo chini, mle matunda ya huko, mlale mchana. Siku ya tano shukeni hadi Bagamoyo au, kama uchovu upo, lalani Korogwe tena na kuongeza siku. Siku ya sita ingieni Dar es Salaam asubuhi, kabla joto na foleni havijakutana.

Ni mwezi gani unaofaa?

Juni hadi Septemba. Masika ya Machi hadi Mei huleta utelezi na mawe barabarani kati ya Mombo na Soni, na vuli ya Oktoba hadi Desemba haina ratiba ya kuaminika. Januari na Februari ni pakavu lakini joto la Mkata na Korogwe ndani ya koti na kofia ngumu si la mchezo. Ukichagua Juni au Julai, kumbuka kwamba Lushoto iko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari na usiku wake unadai sweta nzito. Mtu wa pwani hucheka akiambiwa hivyo, kisha huomba blanketi la pili.

Boxer au TVS ya kawaida inatosha, au ni lazima pikipiki kubwa?

Inatosha kabisa. Pikipiki ya cc 125 au 150, ya aina ileile inayobeba abiria mitaani, huenda kilomita 70 kwa saa siku nzima bila kulalamika, hunywa mafuta kidogo kiasi cha kilomita 40 au zaidi kwa lita, na fundi wake yupo kila kijiji. Mwanagenzi anaumudu uzito wake inapomlalia. Pikipiki kubwa ya kuazima ndiyo hatari, kwa kuwa mgeni atakuwa anajifunza vitu viwili kwa pamoja, barabara na mashine.

Jambo moja tu: kama pikipiki ni mpya kutoka dukani, ngojeni hadi imalize kilomita za mwanzo alizoelekeza mtengenezaji na imwagwe oili ya kwanza. Kwenda nayo mwendo mmoja kwa saa nyingi ikiwa haijafunguka si vizuri kwa injini.

Tukague nini kabla ya kuondoka?

Anzeni na matairi, upepo ujazwe asubuhi likiwa baridi, na tairi lililoisha kashata libadilishwe Dar es Salaam, lisisubiriwe Korogwe. Cheni ipakwe mafuta na icheze kidogo ikisukumwa kwa kidole katikati ya sproketi mbili, kiasi cha vidole viwili hivi. Ikikazwa sana hukatika, ikilegea sana huruka. Breki, taa zote, honi, indiketa, saiti mira. Fundi aangalie viatu vya breki ya nyuma kwa kuvifungua, si kwa kubonyeza pedali na kusema ziko safi, kwa kuwa mtazihitaji sana wakati wa kushuka kutoka Lushoto.

Bebeni tyubu moja ya mbele na moja ya nyuma, plagi, waya wa klachi, spana zinazofungua ekseli na pampu ndogo ya mkono. Mafundi wa pancha wako wengi njiani, ila si kila mmoja ana tyubu ya saizi yako.

Mizigo ifungweje?

Iwe michache, mizito ikae chini na karibu na kiti. Begi likitundikwa mwishoni kabisa mwa keria hunyanyua mbele ya pikipiki, na mwanagenzi ataona usukani umekuwa mwepesi kwenye kona bila kujua sababu.

Mipira ile ya kufungia mizigo iliyokatwa kutoka kwenye tyubu za zamani ni imara na rahisi, lakini ncha yake ni ya kuogopwa. Mimi mwenyewe, safari ya kwanza niliyompeleka shemeji yangu, nilifunga begi langu kwa haraka pale Msata baada ya kutoa maji ya kunywa, nikaacha ncha ya mpira kama shubiri moja ikining'inia. Karibu na Kabuku nilisikia mlio kama wa mtu anayechana turubai, kisha tairi la nyuma likaanza kujikaza lenyewe. Mpira ulikuwa umemezwa na sproketi na kuvutwa kati ya cheni na kifuniko chake. Nilikuwa kwenye mwendo wa kilomita 60, barabara imenyooka, hakuna gari nyuma. Tulikaa saa nzima chini ya mwembe tukiukata vipande vipande kwa kisu cha matunda. Tangu siku hiyo kila tunaposimama, kila mmoja hukagua mzigo wa mwenzake, si wake. Kagua vilevile kanga, mtandio, kikoi na kamba za koti.

Nani atangulie, mzoefu au mwanagenzi?

Mkiwa wawili, mzoefu atangulie na mwanagenzi afuate, kwa sharti kwamba anayetangulia anaendesha kwa kioo. Kila baada ya sekunde chache atazame kama taa ya mwenzake ipo. Ikikosekana anapunguza mwendo. Isipoonekana bado, anatoka barabarani mahali salama na kusimama. Wakiwa watatu, wa tatu awe mzoefu pia na akae nyuma kabisa.

Umbali kati ya pikipiki na pikipiki uwe sekunde tatu. Njia ya kupima ni rahisi: anayetangulia akiupita mlingoti wa umeme, anayefuata ahesabu "elfu moja na moja, elfu moja na mbili, elfu moja na tatu" kabla ya kuufikia. Wanagenzi hupenda kukaribia mno, kwa kuwa wanaogopa kuachwa, na dawa ya hofu hiyo ni ahadi iliyotamkwa wazi kabla ya kuondoka kwamba hataachwa, kisha ahadi hiyo itimizwe kwenye kona ya kwanza.

Jambo la kutofanya kamwe ni kumpungia mkono ili apite lori. Wewe umeona barabara iko wazi kutoka mahali ulipo. Yeye atafika mahali hapo sekunde nne baadaye. Kila mtu apite kwa macho yake. Ukishapita lori, rudi upande wako, punguza mwendo na umngoje, hata kama atakaa nyuma ya lori hilo kilomita kumi.

Twende kwa mwendo gani?

Mwanagenzi ndiye anayeweka mwendo, na mara nyingi utakuwa kilomita 60 hadi 70 kwa saa kwenye eneo la wazi. Kwenye vijiji kibao cha 50 kiheshimiwe tangu kinapoanza hadi kibao cha kukifuta, kwanza kwa sababu ya watoto na mbuzi, halafu kwa sababu askari wa usalama barabarani mwenye tochi ya kupimia mwendo yuko mahali fulani chini ya mti.

Matuta makubwa huonekana, ila rasta zile ndogo zilizopangwa nyingi pamoja humshtua mgeni kwa kuwa zinautikisa usukani. Mfundishe apunguze mwendo kabla hajazifikia, aachie resi, asimame kidogo kwenye vikanyagio na kushika usukani bila kuukaba. Asibane breki akiwa juu yake.

Mabasi yanayopita magari mengine yakitujia uso kwa uso, tufanyeje?

Hili litatokea, pengine mara kadhaa kwa siku, hasa kati ya Msata na Segera. Dereva wa basi ameshaamua kwamba pikipiki itampisha, na kubishana naye kwa taa hakumrudishi. Mwanagenzi afundishwe kutazama mbali, na akiona basi limetoka kwenye mstari wake, apunguze mwendo mapema na kusogea kushoto akiwa bado juu ya lami. Kutoka nje ya lami kuwe ni hatua ya mwisho, na kufanywe kwa mwendo mdogo, pikipiki ikiwa wima, bila breki ya mbele, kwani mahali pengi ukingo wa lami umekatika kama ngazi na chini yake kuna kokoto. Kurudi juu ya lami ni hatari kuliko kutoka. Asimame kwanza, kisha apande taratibu akiwa ameukabili ukingo badala ya kuuparuza kwa ubavu wa tairi.

Basi linapopita, upepo wake husukuma kwanza, kisha huvuta. Magoti yabane tangi, mikono ilegee. Akishalipita basi la tatu atazoea.

Mlima wa Mombo hadi Lushoto ni mgumu kiasi gani?

Ni kilomita 33, na kwa macho ya mgeni zinatisha kuliko zinavyostahili. Kutoka Korogwe milima ya Usambara imekuwa mkono wenu wa kulia kwa muda mrefu, imesimama kama ukuta, na mwanagenzi amekuwa akijiuliza barabara itapitia wapi. Simameni Mombo, mnywe chai, ajibiwe.

Kupanda si kazi kubwa. Barabara ni ya lami lakini nyembamba, kona ni kali na zinafuatana, kwa hiyo gia ya pili na ya tatu ndizo zitakazofanya kazi. Gia ichaguliwe kabla ya kuingia kona, macho yaelekezwe mahali kona inapotokea, si kwenye bonde wala kwenye ukuta wa mawe, kwa sababu pikipiki hufuata macho. Honi ipigwe kila kona isiyoonekana upande wa pili. Kaeni upande wa kushoto hata kama barabara inaonekana tupu, maana magari ya abiria yanayoshuka huzijua kona hizo kwa moyo na huzikata katikati. Pumzikeni Soni, iliyo karibu katikati ya mlima, mtazame maporomoko ya maji.

Kushuka ndiko kunakodai darasa. Kuna mazoea ya madereva wengi wa bodaboda ya kuweka nyutro au hata kuzima injini kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Mwanagenzi aliyejifunzia kwao atakuwa nayo, na kwenye mlima huu ni mazoea ya kumtoa mtu roho. Pikipiki ikiwa huru, kazi yote ya kuizuia hubebwa na breki, na breki za dramu zikipata moto hupoteza nguvu taratibu hadi pedali inabonyea na mwendo haupungui. Ashuke kwa gia ileile aliyopandia, injini ilie kwa sauti ya juu, na breki ziguswe kwa vipindi kabla ya kona, kisha ziachiliwe zipoe. Akisikia harufu kama ya kitu kinachoungua, asimame robo saa bila kumwagia maji. Mwambie pia kwamba mlio huo wa injini ni wa kawaida. Shemeji yangu alifika Soni amekasirika, akidhani nimemfanya aiue pikipiki yake.

Nitajuaje kwamba amechoka?

Hatakuambia. Wanagenzi wengi huona kwamba kuomba kupumzika ni kujidhalilisha, kwa hiyo mapumziko yapangwe kwa saa na si kwa maombi: kila baada ya saa moja au kilomita 60, watu washuke, wavue kofia, wanywe maji. Katikati ya vituo angalia dalili kwenye kioo. Indiketa inaachwa ikiwaka. Pikipiki inayumba ndani ya mstari. Gia inaingizwa kwa kuchelewa. Anapofika kituoni anasahau kushusha stendi. Dalili mbili kwa pamoja ni sababu ya kukaa nusu saa, na zikionekana baada ya saa tisa alasiri, tafuteni pa kulala hapohapo. Saa kumi jioni pikipiki ziwe zimeegeshwa. Kuendesha usiku kusiwemo kabisa kwenye mpango.

Mvua ikitukuta njiani?

Simameni mapema, chini ya paa na si chini ya mti. Dakika za mwanzo za mvua ndizo zenye utelezi mkubwa, kwa sababu vumbi na oili vimelowa lakini havijaoshwa. Ikikatika, endeleeni polepole huku mkiepuka michoro myeupe ya barabarani.

Tunahitaji nyaraka gani?

Leseni halisi yenye daraja linaloruhusu pikipiki, kadi ya pikipiki, bima iliyo hai na kitambulisho. Kama pikipiki ni ya kuazima, mwenye nayo aandike barua fupi na kuacha simu yake ikipatikana. Leseni ya kujifunzia haifai kwa safari hii.

Anaweza kumbeba mkewe au mtoto?

Hapana. Abiria apande basi, mkutane Lushoto.

Avae nini?

Kofia ngumu inayofunga kidevuni na yenye kioo cheupe, koti la kitambaa kizito, suruali ya jinzi, glavu, na viatu vinavyofunika vifundo vya miguu. Kandambili zibaki begini. Reflekta ivaliwe juu ya koti mchana pia.

Na ikitokea ajali, au akikataa kuendelea?

Kwa ajali, jambo la kwanza ni kuwaondoa watu barabarani na kuweka matawi au pikipiki yenye taa mbali kidogo kuzuia magari. Aliyeumia shingo au mgongo asinyanyuliwe kwa pupa, na kofia yake isivuliwe ikiwa anapumua vizuri. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Bagamoyo, Korogwe na Lushoto zina hospitali za wilaya. Kila mmoja awe na karatasi mfukoni yenye jina, ugonjwa alio nao na simu ya ndugu, kwa sababu simu iliyofungwa kwa namba ya siri haimsaidii msamaria.

Kukataa kuendelea ni jambo tofauti, na mpango wake uzungumzwe nyumbani, kabla haijawa aibu. Korogwe na Mombo mabasi hupita siku nzima, nyumba za wageni hukubali kulaza pikipiki siku mbili tatu, na Fuso linalorudi Dar es Salaam likiwa na nafasi litaipakia kwa bei ya maelewano. Mwambie haya siku mnapofunga mizigo. Mmoja niliyemwambia hivyo alinisikiliza, akaniuliza nauli ya basi ni shilingi ngapi, akaiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti. Ilirudi naye Dar es Salaam bila kuguswa.